Kuendesha Mkutano ni Kujua Kunyamaza

Kuna neno moja ambalo miaka hii limeenea katika mikutano yetu, nalo ni "mwezeshaji". Utalisikia makanisani, katika semina za mahotelini, katika vyama vya akina mama, na hata matangani pale kamati inapokaa kuhesabu michango. Wengi hulitumia kwa maana ya mtu aliyening'iniza kitambulisho shingoni, akashika kalamu nene ya kuandikia makaratasi ya ukutani, na ambaye amekuja kutuambia yale tusiyoyajua. Lakini hebu tazama, msomaji mpenzi, jinsi neno lenyewe lilivyojengwa. Limetoka katika kuweza, likawa kuwezesha, yaani kumfanya mwingine aweze. Basi mwezeshaji ni yule ambaye akishaondoka, waliobaki nyuma ndio wanaoweza. Sarufi imekwisha kutoa hukumu yake, na ukiwapima kwa hukumu hiyo, wawezeshaji wetu wengi ni wahubiri tu.

Nimeliwaza jambo hili zaidi tangu nilipoanza kuhudhuria mikutano ya kikundi kimoja cha akiba na mikopo huko Kariobangi, mashariki ya Nairobi. Mtaa huo ulianza kama mpango wa viwanja katika miaka ya 1960, pale watu waliotolewa katika vibanda vya mjini walipogawiwa ardhi wajijengee wenyewe. Juu ya viwanja vile leo yamesimama maghorofa, na wenye nyumba na wapangaji, watu wa makabila na dini mbalimbali, wanapishana katika ngazi moja. Korogocho, Huruma na Dandora ziko hapo hapo jirani, na mafundi wa jua kali wanagonga mabati kutwa. Katika mahali kama hapo chama si jambo la kupitishia Jumapili. Ndicho benki, ndicho bima, ndicho kamati ya mazishi. Kikivunjika kwa sababu ya mkutano mmoja ulioendeshwa ovyo, kuna mtoto atakayefukuzwa shule kwa kukosa karo.

Kikundi chenyewe kina watu 24, wanaume sita tu. Hukutana katika darasa la chekechea, juu ya viti vidogo ambavyo vikikukalisha, magoti yako hukaribia kidevu. Mwenyekiti ni mama auzaye mboga, naye hakumaliza shule ya msingi. Mara ya tatu nilipokwenda, shauri lililokuwa mbele yao lilikuwa zito. Mwenzao mmoja, mshonaji nguo, alikuwa amekopa shilingi 18,000, na miezi mitano ilikuwa imepita bila kurudisha hata ndururu. Katiba yao inasema kwamba miezi mitatu ikipita, wanachama wana ruhusa kuchukua mali ya mdaiwa. Na mali aliyokuwa nayo mama yule ni cherehani yake. Alikuwamo mle mle chumbani, amekaa karibu na mlango, leso ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Kwa nilivyozoea mikutano, nilitazamia mwenyekiti asimame, asome kifungu cha katiba, kisha apige hotuba juu ya uaminifu. Hakusimama. Aliwaomba watu wavunje zile safu za viti wakae duara. Watu walipokuwa wakiburura viti, alimwita mdaiwa kutoka mlangoni akamkalisha ubavuni pake. Baadaye nilimwuliza sababu yake, akanijibu, "Mzee, mtu akikaa peke yake upande mmoja, hiyo tayari ni korti." Walipokwisha kutulia akauliza swali moja tu: "Tukichukua hiyo cherehani leo, mwezi ujao tutakuwa na nini?" Akanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikonifanya niandike makala haya. Kimya kilikaa kwa muda hata mimi mgeni nikaanza kuona haya kwa niaba yao. Mtu mmoja alikohoa. Matatu ilipita nje na ngoma zake, ikapotea. Mwenyekiti wa kawaida asingestahimili. Angelijaza lile pengo kwa maneno yake, angelijibu swali lake mwenyewe, na watu wangelirudi katika kazi yao ya siku zote, yaani kutikisa vichwa. Mama yule alikuwa akitazama mikono yake, wala hakuonekana kuwa na haraka. Hatimaye mzee mmoja fundi wa viatu akasema, polepole, kwamba cherehani ile ikiuzwa haifiki hata nusu ya deni. Kutoka hapo maneno yakafunguka.

Wana kanuni yao: hakuna asemaye mara ya pili kabla kila mtu hajapata ya kwanza. Kanuni kama hiyo ni rahisi kuiandika, lakini kuitekeleza mbele ya bwana mwenye duka la simu, aliyeinua mkono mara tatu na sauti yake ikapanda kila mara, hapo ndipo ujuzi unapohitajika. Ukimnyamazisha kwa ukali, umemvunjia heshima na kesho hatakuja. Ukimwachia, mkutano ni wake. Mwenyekiti alimwambia, "Baba, neno lako nimelishika, halitapotea. Tuwangoje hawa." Kisha akamwomba katibu aliandike neno lile katika daftari na kumwonyesha mwenyewe lilivyoandikwa. Bwana yule alitulia. Nimewaona wabunge na mashehe wakishindwa kuliona jambo dogo kama hili, kwamba mtu apigaye kelele mkutanoni mara nyingi anaogopa tu kusahauliwa.

Zamu ilipomfikia msichana msusi wa nywele, alisema kwa sauti ya chini sana kwamba daftari lifunguliwe, kwani wako wengine watatu waliopitisha miezi, na haelewi kwa nini wanaizungumza cherehani peke yake. Palizuka kelele. Mmoja wa wale watatu alikuwa ndiye bwana wa duka la simu. Sasa hapo mwenyekiti alikuwa na upanga mkononi, na angependa angeutumia. Badala yake alimwuliza bwana huyo, kwa adabu, "Unaweza kuturudishia alichosema huyu dada, hata kama hukubaliani naye?" Hakuweza. Alikuwa akilitayarisha jibu lake wakati mwenzake akisema, kama tufanyavyo sote. Msichana akaombwa arudie, naye bwana akayakariri maneno yake, neno baada ya neno, na alipofika kwenye wale watatu sauti yake ilikuwa imeshuka.

Waliamua hivi: cherehani ibaki, mama alipe shilingi 500 kila wiki kwa muda wa wiki 36, na wale watatu waanze kulipa wiki ile ile kwa kipimo chao. Wawili walikataa, na mwenyekiti akaagiza kukataa kwao kuandikwe pamoja na majina yao na sababu zao. Mmoja wa hao wawili alitoka kwa hasira bila kuaga. Wiki ya nne mshonaji alikosa kulipa tena, na ilibidi waketi upya. Sisemi basi kwamba mkutano mwema humaliza matatizo. Ninasema kwamba wiki ile ya nne watu 23 walirudi kuketi.

Ujuzi huu una asili yake. Katika mwaka wa 1974 Anne Hope wa Afrika Kusini na Sally Timmel wa Marekani walianzisha hapa Kenya mafunzo yaliyojulikana kwa jina la DELTA, ambayo yalienea zaidi kupitia Kanisa Katoliki. Walikuwa wamechota kwa Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyepinga elimu ya kumjaza mwanafunzi kama mtungi. Kiongozi wa kikundi alifundishwa kuleta picha au mchezo mfupi unaoonyesha taabu fulani bila kutoa dawa yake, kisha kuuliza: mnaona nini hapa? Kwa nini inatokea? Je, kwetu yapo? Chanzo chake ni nini? Tufanye nini? Mwaka 1984 walitoa vitabu vyao, Training for Transformation, vilivyochapishwa huko Gweru, Zimbabwe, na ambavyo vimezunguka Afrika nzima.

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa wamelijaribu jambo la namna hiyo kwa wingi wa kushangaza. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria, vyoo na maji safi, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla ya kuanza. Kazi yao haikuwa kuhutubu, maana redio ilikuwa imekwisha kusema; wao walitakiwa kuwauliza watu wataanza na nini kijijini pao. Vyoo vikachimbwa kwa maelfu.

Mama wa Kariobangi hajapata kulisikia jina la Freire. Nilipomwuliza alikojifunza alisema ni katika jumuiya ndogo ndogo za kanisa lake, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizihimiza tangu miaka ya 1970: jirani kumi au kumi na watano sebuleni, somo linasomwa, kisha kila mmoja anasema limemgusa wapi, na hakuna padri wa kumsahihisha. Mimi ni mtoto wa chuoni, niliyehitimu juzuu zangu chini ya maalimu na bakora yake, na nilivutiwa kusikia hayo. Katika Kurani iko sura nzima iitwayo Shura, yaani kushauriana. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri. Lakini pale chuoni kwetu mtoto aliyeuliza maswali mengi alihesabiwa mkaidi, na wengi wetu tumekua tukidhani kwamba kukaa kimya ni kazi ya mwanafunzi na kusema ni kazi ya mwalimu.

Watu wa pwani tutadai kwamba sisi tuna baraza, na kweli tunayo, na kahawa yake ni tamu. Lakini tuseme ukweli. Barazani hushinda mwenye ulimi. Mnyonge husikiliza, na mwanamke hayupo kabisa. Nadhani kilicho karibu zaidi na kazi ya mama huyu ni mashairi yetu ya kujibizana. Malenga akitupa fumbo, hulitupa akakaa. Zamani lingeweza kupita juma zima, au zaidi, kabla jibu halijaletwa kutoka mtaa wa pili, naye angoje tu. Afumbaye kisha akafumbua mwenyewe amewanyima wenziwe shairi.

Liko jambo la lugha, nalo katika mtaa ule ni jambo la uhai. Mjadala ukipamba moto, mtu hurukia lugha ya mama yake, na wenziwe wa kabila lile humwitikia. Nimemsikia mwenyekiti akisema mara nyingi, bila kumtaja mtu, "Turudi kwa Kiswahili, kuna mwenzetu ameachwa nje." Asiyejua historia ya pale ataona ni adabu tu. Machi 2002, watu zaidi ya 20 waliuawa Kariobangi kwa usiku mmoja, katika vita baina ya vikundi vya Mungiki na Taliban. Waliokuwa watu wazima wakati ule bado wanakaa pale, na baadhi yao wameketi katika viti vile vya chekechea. Minong'ono ya watu wawili kwa lugha isiyoeleweka na wa tatu si kitu kidogo kwao.

Na mengine hayazuiliki kwa mkutano wa namna yoyote. Tarehe 4 Mei 2020 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa huko huko Kariobangi, karibu na mahali pa maji taka, kwa madai kwamba ardhi ni mali ya kampuni ya maji ya jiji. Ilikuwa katikati ya ugonjwa wa Korona, watu wanatakiwa wasitoke majumbani, mvua inanyesha. Wanachama watano wa kikundi walilala nje. Kukutana kulikuwa kumepigwa marufuku, na saa moja jioni kila mtu alitakiwa awe ndani.

Mwenyekiti aliwapigia simu wote, mmoja mmoja, kwa jioni mbili. Kila mtu alimwuliza swali lile lile: pesa za sanduku tuzifanye nini? Alingoja jibu, akaliandika. Jioni ya tatu na ya nne aliwapigia tena akawasomea yote yaliyosemwa, bila kutaja nani kasema lipi, akawauliza kama wamebadili mawazo. Tisa walikuwa wamebadili. Wale watano walipewa shilingi 3,000 kila mmoja, bila riba, na mgao wa Desemba ukasogezwa mbele. Simu zile zilimgharimu mama shilingi 600 za mfukoni mwake. Kikundi kilipokutana tena kilimrudishia, baada ya mjadala wa nusu saa ambao yeye mwenyewe alikataa kuuongoza.