Uboreshaji wa Kontroboksi na Mfumo wa Cheche katika Magari ya Kasi: Mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam

Katika eneo la Kariakoo, hususan upande wa Gerezani, maduka ya vipuri huuza injini, koili, plagi na kontroboksi zilizotumika, nyingi zikitoka Japani. Miongoni mwa wanunuzi wamo wamiliki wa magari ya kasi kama Subaru Impreza WRX, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1992 likiwa na injini ya tabo yenye ujazo wa sentimita 1,994. Baadhi yao huamini kuwa kubadilisha kontroboksi kunatosha kuongeza nguvu. Makala hii inafafanua kwamba nguvu ya kudumu hutokana na kuoanisha wakati wa cheche na petroli inayotumika.

Kontroboksi ni kompyuta inayopokea taarifa za mzunguko wa kranki, hewa na joto, kisha kuamua kiasi cha mafuta na wakati wa cheche. Kampuni ya Bosch iliunganisha kazi hizo mbili katika mfumo wa Motronic, uliofungwa kwenye BMW 732i mwaka 1979. Ndani ya kompyuta mna jedwali linaloonyesha, kwa kila kasi na mzigo, cheche itoke nyuzi ngapi kabla ya pistoni kufika juu. Injini inapofikia mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda hupata cheche mara 50 kwa sekunde, na kranki huzunguka nyuzi 36 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo, kosa dogo la wakati lina athari kubwa.

Kuwahisha cheche huongeza nguvu hadi kufikia kikomo fulani. Ikiwahi kupita kiasi, mchanganyiko ambao haujafikiwa na moto hujilipua wenyewe. Injini hugonga na pistoni huweza kutoboka. Kikomo hicho hutegemea okteni ya petroli. Viwango vya Japani vinataka petroli ya daraja la juu iwe na okteni isiyopungua 96, na ya kawaida 89. Jedwali lililotungwa kwa petroli ya daraja la juu huweza kuidhuru injini inayotumia petroli hafifu. Aidha, mafuta ya taa hushusha okteni. Ndiyo maana uchakachuaji, uliosababisha EWURA kuanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, ni hatari zaidi kwa injini ya tabo.

Hivyo basi, uboreshaji unapaswa kufuata mpangilio. Kwanza, fundi akague vihisi, koili, plagi na waya wa ethi. Pili, iwapo msukumo wa tabo utaongezwa, koili ziwe na uwezo wa kutosha na mwanya wa plagi upunguzwe, kwa kuwa cheche huruka kwa shida katika hewa iliyobanwa sana. Plagi bandia huweza kuharibu kazi yote. Tatu, jedwali lirekebishwe kidogo kidogo, kwa petroli ileile ambayo gari litatumia kila siku, huku kihisi cha kugonga kikifuatiliwa.

Kwa kuhitimisha, mmiliki anayefunga kontroboksi bila kurekebisha jedwali huweza kulazimika kurudi Gerezani kutafuta injini nzima. Gharama ya vipimo na plagi halisi ni ndogo kuliko hasara hiyo.