Mshale wa Mafuta Unapodanganya

Wako akina mama wengi waendeshao gari la nyumbani siku za kazi: skuli, chuoni, sokoni, hospitali. Gari kuzimika usiku baina ya Kilifi na Malindi, watoto wamelala kiti cha nyuma, si jambo dogo. Kwa hiyo mshale wa mafuta ukianza kudanganya, twaona haifai kuuzoea.

Ndani ya tangi mna boya lililoshikwa na mkono wa chuma. Mafuta yakipungua, boya hushuka, na mkono huparaza kipande kinachoongeza au kupunguza umeme uendao kwenye geji. Boya likitoboka huzama, na mshale hulala sifuri ilhali tangi limejaa. Kipande kile kikilika, mshale hurukaruka.

Kwanza tazameni mshale wa joto. Ukiwa nao umekufa, fundi aanze na fyuzi. Ukiwa mzima, achunguze soketi ya waya wa tangini, ambayo katika magari mengi madogo hupatikana chini ya kiti cha nyuma. Katika magari ya kizamani, fundi huichomoa na kuugusisha waya wa geji na bodi kwa muda mfupi. Mshale ukisogea, geji ni nzima na ubovu umo tangini. Magari mapya hupitisha habari hiyo kwenye kompyuta, hivyo yataka mashine ya kupimia, si kubahatisha. Nasi wa pwani tuna hewa ya chumvi: waya uunganishao tangi na bodi hushika kutu, na pengine kuusugua tu hutosha. Fundi atakaye kuwauzia dashibodi nzima, muulizeni kwanza amepima nini.

Tangi lisifunguliwe uani penye jiko wala sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na cheche moja huuwasha.

Hadi gari litengenezwe, jazeni tangi na muandike kilomita. Mkijaza tena, gawanyeni kilomita kwa lita zilizoingia. Kilomita 240 kwa lita 20 ni kilomita 12 kwa lita. Tangi la lita 40 basi lirudishwe kituoni kabla ya kilomita 360, robo ingali imebaki, kwani katika magari mengi pampu imo tangini na hupozwa na mafuta hayo hayo. Daftari likae garini, na kila aazimaye gari, hata baba mwenye nyumba, aandike.