Daftari la Kituo na Dodoso la Kaya: Utangulizi

Karibu katika fani ya kupima ukatili dhidi ya watoto, ambayo idadi ikipanda, huenda ni habari njema. Kituo cha polisi kikifungua Dawati la Jinsia na Watoto, kesi huongezeka daftarini. Si lazima iwe watoto wameanza kuumizwa mwaka huo. Pengine shangazi aliyekuwa akighairi njiani sasa amepata wa kumsikiliza. Magazeti yatasema ukatili umekithiri. Wewe uliza kwanza dawati lilifunguliwa lini.

Daftari huhesabu waliofika. Kuwajua wasiofika kunataka kupiga hodi, na Tanzania ilipiga hodi mwaka 2009, ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kupima kitaifa, kwa mkupuo mmoja, ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia kwa wasichana na wavulana. UNICEF, CDC ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili walishiriki. Vijana zaidi ya 3,700 wa miaka 13 hadi 24 walihojiwa, Bara na Zanzibar. Ripoti ya 2011 ilisema kwamba takribani wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kati yao, kama nusu ya wasichana na thuluthi ya wavulana ndio waliowahi kumwambia mtu. Mtu yeyote, achilia mbali polisi.

Asilimia hizo hunukuliwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na mpangilio wa kazi yenyewe. Wasichana walihojiwa katika maeneo yao na wavulana katika mengine, ili aliyetendewa na aliyemtenda wasijikute wakiulizwa maswali yaleyale kijiji kimoja, aliyetenda akang'amua aliyetendewa kasema nini. Kila kaya ilitoa mhojiwa mmoja. Msichana aliulizwa na mwanamke, mvulana na mwanamume, na wenye nyumba hawakuelezwa undani wa dodoso. Mtakwimu wa mahindi hahitaji tahadhari hizi. Kwetu, swali lililosikika chumba cha pili linaweza kumletea mtoto kipigo usiku uleule.

Mtihani mgumu zaidi, kwa maoni yangu, ni utelekezaji. Marekani, ambako majimbo hupeleka kumbukumbu za ustawi wa watoto katika mfumo wa kitaifa uitwao NCANDS, utelekezaji ndio unaoongoza, ukiuacha mbali ukatili wa kimwili. Dodoso letu la 2009 halikujikita huko, na si ajabu: kofi lina siku yake, mtu hulikumbuka, kutojaliwa hakuna tarehe. Tena kuna mtoto anayelala njaa kwa kuwa mzazi hajali, na yupo anayelala njaa kwa kuwa mzazi hana. Fomu ya afisa ustawi wa jamii ikiwa na kisanduku kimoja tu, wote wawili wataingia humo, na taifa litahesabu umaskini likidhani linahesabu uzembe. Sura ya kwanza inaanza na fomu hiyo.