Jina letu limefika angani, kauli yetu i wapi?

Jioni moja barazani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, dele la kahawa likifuka mvuke juu ya makaa, mada iliyozuka haikuwa siasa wala bei ya sukari. Vijana wawili walikuwa wakizozana juu ya filamu za katuni. Mmoja wao alizitazama alipokwenda kuwatembelea jamaa zake Dubai, na sifa alizozimwagia hazikuwa na kipimo. Mwenziwe alishikilia kwamba jina lenyewe la mkusanyiko huo, Kizazi Moto, ni kosa la sarufi, kwani ilipasa kusemwa “kizazi cha moto”. Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza kwa utulivu akatua kikombe chake na kuuliza: “Wanangu, moto huzaa jivu. Sasa hicho kizazi cha moto si jivu?”

Baraza zima liliangua kicheko. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kuwasomesha vijana isimu, nilirejea nyumbani nikiwa na fikira nyingi, kwani katika mzaha ule mlikuwa na hoja mbili: moja ya sarufi, ambayo ni nyepesi, na nyingine ya hatima ya lugha yetu, ambayo ni nzito.

Kwa wale wasioufahamu mkusanyiko huo, Kizazi Moto ni filamu fupi 10 za katuni za kubuni kisayansi, zilizotolewa tarehe 5 Julai 2023 na kampuni ya Disney kupitia huduma yake ya filamu za mtandaoni. Ziliongozwa na wasanii wa Afrika Kusini, Kenya, Misri, Nigeria, Uganda na Zimbabwe. Studio ya Triggerfish ya Cape Town ndiyo iliyosimamia kazi hiyo, na miongoni mwa watayarishaji wakuu alikuwamo Peter Ramsey, Mmarekani aliyeshiriki kuongoza filamu ya Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018. Kenya iliwakilishwa na Ng’endo Mukii kwa filamu yake Enkai, na Uganda na Raymond Malinga kwa Herderboy, ambamo uchungaji wa ng’ombe unakutana na mitambo ya zama zijazo. Katika filamu hizi Mwafrika si mtumwa wala mhitaji wa msaada, bali ni rubani, mvumbuzi na mlinzi wa ulimwengu wake. Hakuna ajabu, basi, kwamba kijana wetu alirudi kutoka Dubai kifua mbele.

Tuanze na sarufi. Aliyelalamikia kukosekana kwa “cha” alikuwa na nia njema, ila hakutenda haki. Kiswahili kinaruhusu jina kufuata jina lingine na kulipambanua pasipo kihusishi chochote. Twasema askari kanzu, mbwa mwitu, bata maji na fundi seremala, na hakuna anayeshtuka. Neno “moto” lenyewe limekwisha kupata hadhi ya kivumishi katika vinywa vya watu, ndiyo maana kila asubuhi twaagiza chai moto na kuoga maji moto. Kwa hiyo “kizazi moto” ni kizazi chenye sifa ya moto, yaani chenye ari, mwako na kasi.

“Kizazi cha moto”, kwa upande wake, ina maana mbili. Yaweza kumaanisha kizazi chenye ari, na hiyo ndiyo maana iliyokusudiwa na waliolibuni jina hilo. Lakini pia yaweza kumaanisha kile kilichozaliwa na moto, na hapo ndipo mzee wa Kibokoni alipotunasa kwa methali yake. Kwa kuiacha “cha”, watunga jina walilikwepa jivu, wawe walijua au hawakujua.

Sasa tuje kwenye hoja nzito. Mkusanyiko huo una jina la Kiswahili, lakini wahusika wake wanazungumza kwa sehemu kubwa Kiingereza, na maneno ya lugha za Kiafrika yamenyunyizwa humo mithili ya kungumanga juu ya halua. Isitoshe, ulipotolewa mwaka 2023, huduma hiyo ilikuwa haijafunguliwa rasmi nchini Kenya. Siku mbili baadaye, tarehe 7 Julai, ulimwengu uliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Wenye lugha waliiadhimisha siku hiyo ilhali jina lililotoholewa kwao lilikuwa likipepea mahali wasipoweza kufika.

Wala hili si jambo la jana. Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, mchezo wa safari za angani ambao umezaa msururu mrefu wa filamu, zikiwamo za katuni za miaka ya 1973 na 1974. Afisa wa mawasiliano wa chombo hicho aliitwa Uhura. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba jina hilo lilitokana na neno “uhuru”, ambalo lilikuwa anwani ya riwaya ya Robert Ruark aliyokuwa akiisoma alipokwenda kufanyiwa majaribio. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, mtambo unaifuta kumbukumbu ya Uhura, na anapofundishwa upya kusoma, kinachomtoka kinywani anapokwama ni Kiswahili. Waandishi wale wa Marekani walikuwa wametambua jambo ambalo sisi aghalabu twalisahau, kwamba lugha ya kwanza hukaa mahali ambapo mtambo haufiki.

Baadaye, mwaka 1994, ilikuja The Lion King pamoja na Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi wake. Kampuni iliomba kusajili maneno “hakuna matata” kuwa alama yake ya biashara, na mwishoni mwa mwaka 2018 jambo hilo likazusha malalamiko makubwa. Sisi wa Mombasa tulikuwa na sababu ya ziada ya kutabasamu kwa uchungu, kwani bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzia hapa kwetu, ilikuwa imekwisha kuyaimba maneno hayo kwa watalii tangu mwaka 1982. Na tusiwalaumu wageni peke yao. Pumzi ya mwaka 2009, filamu ya Mkenya Wanuri Kahiu kuhusu dunia iliyokauka maji, ni kazi ya kujivunia. Jina lake ni Kiswahili. Mazungumzo yake machache ni ya Kiingereza.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kusimulia mambo ya angani. La hasha! Anayesema hivyo hajawahi kusimama kwenye Bandari ya Kale akawatazama mabaharia. Lugha iliyowaongoza watu kutoka Mombasa hadi Maskati kwa kufuata nyota haiwezi kushindwa na nyota zenyewe. Tuna Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali na Utaridi. Tuna kimondo na kilimia. Tuna chombo, nahodha, serahangi, usukani na dira, na mtu akivihamisha kutoka baharini hadi angani havipotezi hata chembe ya maana. Kwa vile visivyokuwapo zamani, roboti na setilaiti zimekwisha kuingia na kukaa kama wenyeji.

Tena jambo hili limekwisha kufanywa, na lilifanywa na mtu wa pwani hii. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe, alichapisha riwaya ya Walenisi. Humo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani ili aangamie, lakini badala ya kuangamia anafika kwenye nchi ya haki na usawa. Hebu litazame jina la nchi hiyo: wale ni sisi. Msafiri anavuka anga zima, na anaowakuta huko ni watu wa kwao. Huo ni ubunifu wa kisayansi uliofikiriwa kwa Kiswahili tangu mzizi, si Kiingereza kilichovishwa kanzu. Nani amejaribu kuifanya katuni?

Watazamaji wapo. UNESCO hukadiria wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Wasimulizi kama DJ Afro wamejipatia umaarufu mkubwa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, nayo Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, imeonyesha kwamba katuni iliyobuniwa kwa Kiswahili inaweza kuwafunza watoto hesabu na sayansi, nao wakaishangilia.

Kinachohitajika si muujiza. Kila mwongozaji wa Afrika Mashariki anapotia saini mkataba na kampuni ya ng’ambo, adai toleo la sauti ya Kiswahili liwe sehemu ya mkataba huo. Vyuo vikuu navyo, changu kikiwamo, viache kuwafunza wanafunzi tafsiri ya barua na sheria pekee, viwafunze pia kutafsiri mazungumzo ya filamu, ambayo lazima yalingane na mwendo wa midomo. Waigizaji wetu wa redio wana sauti za kutosha kujaza sayari nzima.

Sikusudii kuwavunja moyo vijana waliotengeneza Kizazi Moto. Wamefungua mlango, na anayefungua mlango hastahili kulaumiwa kwa kutoingiza vyombo vyote vya nyumba kwa siku moja. Ila yule kijana wa barazani, baada ya kusifu kwa saa nzima, aliulizwa na mzee: “Na hao watu wa nyota, walizungumza nini?” Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: “Kizungu, mzee.” Safari hii hakuna aliyecheka. Iwapo kizazi hiki hakitaki kuitimiza methali ya jivu, basi na kiseme. Jina mtu hupewa. Kauli huichukua mwenyewe.