Vyombo vya Nani?

Wapiga magitaa wengi waliotingisha Tanga miaka ya 1960 hawakuwa na gitaa. Vijana wa leo nikiwaeleza hivi wananitazama tu, maana wao wamezoea msanii mwenye simu yake, kompyuta yake, pengine hata studio yake chumbani kwa mama. Wakati ule gitaa la umeme, amplifaya, drams na maikrofoni vilikuwa mali ya klabu. Ukitaka kujua bendi ni ya nani, huulizi anaimba nani. Unauliza vyombo vya nani.

Mjomba wangu alikuwa kuli bandarini. Hakujua kupiga chochote, hata kayamba, lakini alikuwa mwanachama wa bendi, na ada yake aliilipa kabla ya kodi ya chumba. Tulikuwa tukiitana mjomba kwa mjomba, kama desturi. Jioni akishakunywa kahawa yake huniambia, “Mjomba, yule unayemwona pale anapiga solo, lile gitaa tumemshikisha sisi.” Alisema “sisi” kwa kulikaza, kama mtu anayetaja ukoo.

Hao “sisi” walitoka mbali. Mkonge ndio uliowaleta. Tanganyika ilipokuwa ikiongoza dunia kwa mkonge, mashamba ya Tanga, kuanzia Amboni mpaka Muheza na Korogwe, yalivuta Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, na watu wa Rwanda na Burundi. Ndio waliokuwa manamba. Mkonge ulishuka kwa reli hadi bandarini, na mji wenye bandari haukosi santuri. Zile za mfululizo wa GV, zenye muziki wa Kuba, zilienea Afrika Mashariki nzima, na vijana wa mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga, wakazisikiliza mpaka zikakwaruzika. Hawakuwa na mwalimu wala hawakusoma nota. Mmoja aliikamata besi kwa sikio, mwingine rithim, wa tatu akatafuta solo mpaka akaipata. Maneno ya Kihispania waliyaacha, wakatia Kiswahili chao.

Hivyo ndivyo zilivyoinuka Atomic Jazz Band na Jamhuri Jazz Band. Zote mbili mizizi yake ni miaka ya 1950, na Jamhuri kabla ya kupewa jina hilo ilikuwa bendi ya Wanyamwezi. Jazi ya Marekani haimo humo hata chembe. Ni rumba, chacha na bolero, zilizopikwa upya. Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina lake: Atomic walikuwa na Kiweke, kama Western Jazz wa Dar es Salaam walivyokuwa na Saboso na Tabora Jazz na Segere Matata. Mjini ulikuwa Atomic au ulikuwa Jamhuri, kama ulivyokuwa Coastal Union au African Sports, na nyumba moja iliweza kugawanyika.

Lakini kwangu mimi ujasiri mkubwa zaidi haukufanywa na bendi za dansi. Ulifanywa na watu wa taarabu.

Taarabu ya Unguja ilikuwa na heshima yake. Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na chama cha namna ile kikijipanga jukwaani unaona safu ya fidla, ganuni, udi na akodiani, wapigaji wamekaa, na wasikilizaji nao wametulia. Sasa mtu wa Ngamiani atapata wapi fidla kumi? Black Star Musical Club, katika miaka ya 1960, wakafanya walichoweza: gitaa, besi, kinanda cha umeme, ngoma ndogo, na sauti ya mwanamke mbele. Mdundo wakauchukua kwenye dansi na ngoma za nyumbani. Kikundi chote kilienea uani, katikati ya ndoo za pilau, na akina mama hawakukaa tena kusikiliza, waliinuka. Watu huandika kwamba Tanga “iliboresha” taarabu. Mimi naona iliipunguza, na kupunguza kule ndiko kulikoifanya isafiri. Sauti ile ilipanda pwani hadi Mombasa, na vikundi vya huko vikaanza kupiga besi kama ya Tanga.

Ndani ya Black Star, kisha katika Lucky Star Musical Club iliyomegeka kutoka humo, aliimba Shakila Said, binti wa Pangani. Sauti yake haikuwa ya kishindo. Aliimba kama anayekwambia jambo lako mwenyewe ulilolificha. Baadaye alihamia Dar es Salaam kwenye taarabu ya JKT. “Macho Yanacheka” na “Kifo cha Mahaba” hata mtoto aliyezaliwa juzi anazifahamu, ingawa huenda hajui mwimbaji. Shakila alifariki mwaka 2016. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star katika albamu iliyoitwa Nyota, Wazungu wakashangaa kwamba mji mdogo kama huu ulikuwa na kitu kama kile. Sisi tulishangaa walivyochelewa.

Nayaeleza haya kwa sababu kila baada ya muda huzuka makala ya kuusifu muziki wa panki wa Uingereza na Marekani (panki, kwa rika langu, ilikuwa kwanza mkato wa nywele uliotufukuzisha shule), na sifa zenyewe huwa ni hizi: vijana wasio na fedha, wasiosomea muziki, waliokataa kungoja ruhusa ya makampuni. Nazikubali sifa hizo. Kijarida kimoja cha mashabiki wa panki Uingereza kilichora namna tatu za kubonyeza nyuzi za gitaa, kisha kikamwambia msomaji sasa aende akaunde bendi. Buzzcocks, vijana wa Manchester, walirekodi nyimbo nne kwa siku moja mwezi Desemba 1976, wakakopa kiasi cha pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakafyatua santuri 1,000 kwa lebo yao wenyewe, New Hormones. Santuri hiyo, Spiral Scratch, ilitoka Januari 1977 ikaisha upesi, na kila bendi ya mitaani ikajua kumbe inawezekana. Afrika nayo haikukosa. Johannesburg mwaka 1979 iliundwa National Wake, Weusi kwa Weupe jukwaa moja, chini ya sheria za ubaguzi zilizokataza hata kukaa mtaa mmoja.

Tofauti na Tanga iko hapa. Kijana wa Manchester gitaa lilikuwa dukani, hata la mkono wa pili, kwa hiyo vita vyake vilikuwa juu ya santuri: nani anafyatua, nani anauza. Kwetu santuri ilikuwa mbali na mikono yetu tangu mwanzo. Kiwanda cha kufyatua kilikuwa Nairobi, na wenye lebo walikuwa wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa. Kilichowezekana kumilikiwa na watu wa kawaida wakichanga ni vyombo. Kwa hiyo uhuru wetu ulikaa kwenye daftari la ada, na kwa mweka hazina mwenye ufunguo wa stoo.

Sasa tazama kalenda. Januari 1977 Buzzcocks wanatoa santuri yao. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania inafunga mpaka na Kenya. Horohoro, mpaka wetu wa kwenda Mombasa, ukawa kimya hadi 1983. Kwa Dar es Salaam lilikuwa jambo la siasa. Kwa mtu wa Tanga, ambaye Mombasa ilikuwa jirani kuliko Dar, ni kama kuziba dirisha. Santuri hazikuja tena wala bendi hazikwenda. Ilibaki Radio Tanzania, ambayo ilirekodi vizuri sana, lakini ule utepe ulirudi kabatini kwao. Haukuuzwa dukani.

Kisha vikaja vita vya Kagera, na fedha za kigeni zikaadimika. Amplifaya ikiungua, imeungua. Nimeona kwa macho yangu gitaa lililofungwa waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa tatu, na lilipigwa, na watu walicheza. Ada za makuli hazikutosha kuagiza vyombo vipya kutoka nje. Walioweza ni mashirika. NUTA Jazz ilikuwapo tangu 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz tangu 1971 chini ya umoja wa vijana wa TANU, Polisi na JKT walikuwa na zao, shirika la Bima nalo likaingia, na Mlimani Park, iliyoanza 1978, ikaishia kwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akapata mshahara. Sitazisema vibaya bendi hizo, kwani Sikinde ya Mlimani Park nikiisikia hadi leo huacha ninachofanya. Ila mpiga solo akigombana na mkuu wake alitoka mikono mitupu, na klabu za mikoani, zilizokuwa na daftari tu, zilififia moja moja.

Wengine hawakungoja hayo yote. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliojifunza kazi Jamhuri Jazz hapa Tanga kuanzia 1966, waliondoka 1970 kwenda Arusha, wakaunda Arusha Jazz, na 1971 wakavuka kuingia Kenya. Huko wakajiita Simba Wanyika. Mpaka ulipofungwa wao walikuwa upande wenye kiwanda. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitoa wakaunda Les Wanyika, akina Omar Shabani na Tom Malanga, wakamchukua John Ngereza, na baada ya miezi ya mazoezi wakatoa “Sina Makosa”. Huo ndio wimbo ambao hata mtu asiyejua Kiswahili anauimba. Wakenya husema ni muziki wao, na hawakosei, kwa sababu wao ndio walioulipia kiingilio kila wiki. Lakini sikiliza rithim ya Omar Shabani, ile isiyopumzika chini ya solo, kisha tafuta Jamhuri Jazz ya zamani. Utaijua imezaliwa wapi.

Kaseti ndiyo iliyoturudishia uhuru kidogo. Katika miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa kurekodia kaseti kwenye duka moja la Ngamiani. Mteja analeta kaseti tupu na orodha ya nyimbo, anarudi kesho. Taarabu ya harusi ya Jumamosi, iliyonaswa kwa radio-kaseti iliyowekwa juu ya kiti, Jumatatu ilikuwa inaombwa Pangani.

Na leo nikitaka kuona mambo yale, sielekei kwenye kumbi. Naenda kwenye singeli. Vijana wa Manzese na Mburahati, Dar es Salaam, walichukua vipande vya taarabu, wakaviharakisha kwa programu ya kompyuta mpaka moyo unataka kutoka, wakaghani juu yake bila kumuuliza mtu. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso, na DJ wa Manzese wakaanza kualikwa Ulaya. Mpwa wangu anapiga mambo hayohayo kwenye vigodoro huku Tanga. Kompyuta ni yake, spika ni za kukodi. Nimemshauri anunue zake mwenyewe. Amesema, “Sawa, mjomba,” kisha akaomba nauli ya Muheza, ana shughuli Jumamosi.