Je, Wajua? Zaire Iliishi Miaka Minne Zaidi Kwenye Intaneti

Tarehe 17 Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila, akiwa Lubumbashi, alijitangaza rais, na jina Zaire likafutwa. Bendera ikabadilika, na mwaka uliofuata fedha nayo ikabadilika. Lakini herufi mbili za enzi za Mobutu, rais aliyeondolewa, hazikuondoka haraka hivyo. Anwani za tovuti za nchi ziliishia na .zr, na herufi hizo zilibaki kwenye orodha ya intaneti hadi 2001. Kwa muda huo ziliishi sambamba na .cd, iliyoanzishwa mwaka 1997, na kila aliyekuwa na anwani ya zamani alipaswa kuhama.

Kwa nini cd? Herufi hizi hutoka kwenye orodha ya kimataifa iitwayo ISO 3166, ambamo kila nchi ina herufi zake mbili. CO ilikuwa ya Kolombia, na CG ilikuwa tayari mikononi mwa Kongo ya Brazzaville, basi Kinshasa ikapata CD. Huko ng'ambo wauzaji wa muziki walifurahi, maana kwao cd ni sahani ya nyimbo, na wengine waliinunua bila hata kujua Kongo iko upande gani wa ramani.

Watu wa Likasi wameyazoea mabadiliko haya ya majina. Hadi 1966 mji wao uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, Mbelgiji wa makampuni ya madini na reli. Bango la barabarani hupakwa rangi upya kwa siku moja. Anwani ya tovuti ina safari ndefu zaidi.

Tuseme kuna karakana ya kuchomelea vyuma katika komini ya Kikula, mjini Likasi, na mteja aliyeko Kolwezi anaandika jina la tovuti ya karakana hiyo kwenye simu. Simu hiyo haijui jina; kompyuta hutafutana kwa namba. Inauliza seva ya kampuni ya simu. Kama seva hiyo haina jibu, inapanda juu kabisa, kwenye seva za mzizi, zinazotambulika kwa majina 13, kuanzia A hadi M, na zenye nakala nyingi sehemu mbalimbali za dunia. Mzizi hausemi karakana iko wapi. Unasema tu: wanaoijua .cd ni hawa. Hao nao wanaielekeza simu kwa seva inayotunza jina la karakana, na hapo ndipo namba inapatikana. Yote haya kwa kawaida hayamalizi sekunde moja. Utaratibu huu ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake majina yote ya mtandao yaliandikwa kwenye faili moja tu huko California, chini ya uangalizi wa Elizabeth Feinler na wenzake, na kompyuta nyingine zilikwenda kulinakili.

Mnyororo huo una pete nyingi, na moja yake iliwahi kuachia. Baadhi ya seva za .cd, zilizokuwa zikisimamiwa na shirika la posta na simu la taifa, SCPT, zilikuwa zimesajiliwa chini ya jina jingine, scpt-network.com. Mwishoni mwa 2020 muda wa jina hilo uliisha bila kulipiwa. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Sweden, aliliona liko wazi, akalinunua mwenyewe kabla halijaangukia mikono mibaya, kisha akawaarifu wahusika. Januari 2021 alieleza hadharani kwamba mwenye jina hilo angeweza kuyajibu takriban nusu ya maulizo yote ya .cd, na hivyo kuwapeleka wageni kwenye kurasa za uongo. Mlango wa nchi nzima ulikuwa umewekwa sokoni kwa bei ya jina moja la kawaida!

Sasa turudi kwa mwenye karakana. Je, anahitaji tovuti kweli? Muuza mikate wa komini ya Panda, kwa maoni yangu, hahitaji; WhatsApp inamtosha. Lakini Likasi imezungukwa na migodi ya shaba na kobalti, na sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaziwekea kampuni zenye mtaji wa Wakongomani kazi za ukandarasi mdogo. Anayetaka kuuza bolti, kushona sare za kazi au kutengeneza mabomba ya mgodi anashindania nafasi hiyo mbele ya ofisi ya manunuzi. Ofisi hiyo inaweza kumtafuta kwanza kwenye intaneti, na barua pepe inayotoka kwenye anwani yenye jina la kampuni huaminika kuliko ile ya bure.

Kurasa zenyewe zisimsumbue sana. Nne zinatosha: tunafanya nini, tumefanya wapi, tuko wapi, namba ya simu. Picha zipunguzwe uzito, kwa sababu mteja huzilipia kwa mega zake. Kurasa mbaya zinaweza kuandikwa upya mwezi ujao.

Jina ndilo lisilorudi kirahisi. Tunasema limenunuliwa, lakini kwa kweli hukodishwa, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja, na mpangaji anayetambulika ni yule ambaye jina na barua pepe yake viliandikwa siku ya kusajili. Mara nyingi huyo ni kijana aliyetengeneza tovuti, si mwenye karakana. Kijana akipata kazi Lubumbashi na kubadilisha anwani, taarifa ya kulipia inamfuata yeye au haimfikii mtu.

Kwa hiyo, mwenye biashara, kabla hujauliza rangi ya ukurasa wa kwanza, uliza mambo mawili: jina limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, na linaisha tarehe gani. Kama barua pepe hiyo si yako, ibadilishwe kabla hujalipa salio la kazi.