Ndevu za miti: dawa ao sumu?

Mukienda kutembelea vijiji vya pori karibu na Kolwezi, tazameni matawi ya miombo. Pengine mutaona kitu cha rangi ya majani makavu, kinachoning'inia kama ndevu za muzee. Si majani ya muti ule, wala si mizizi yake. Jina lake ni likeni.

Zamani watu walidhani ni mumea mumoja. Mwaka 1867 Simon Schwendener, mwenye elimu wa Uswisi, alionyesha kwamba ni viumbe viwili vinavyokaa pamoja: kuvu, ndugu ya uyoga, na mwani mudogo sana. Mwani unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu inashika maji na kuwa nyumba yao.

Likeni nyingi zinakua milimita chache tu kwa mwaka. Zinajikinga namna gani muda huo wote? Zinatengeneza asidi zao zenyewe. Moja ni asidi ya usniki, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1844. Katika maabara inazuia stafilokoki, vijidudu vinavyoleta majipu. Asidi nyingine zinapunguza kazi ya oksijeni, ile inayotia chuma kutu na kuharibu hata chembe za mwili.

Basi, tuwaambie wagonjwa wazichemshe na kunywa? Hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, kinachoua kijidudu ndani ya chupa kinaweza kuzuru mutu pia. Mwaka 2001 serikali ya Marekani ilionya juu ya vidonge vya kupunguza unene vyenye usniki, kwani waliovimeza waliharibika maini. Pili, sisi tunakaa katika nchi ya shaba. Likeni haina mizizi: inakunywa mvua na vumbi la hewa, bila kuchagua. Karibu na machimbo inakusanya shaba na kobalti. Na penye moshi wa sulfuri nyingi zinakufa. Mwaka 1866 Nylander aliona zinapotea kwa hewa mbaya katikati ya Paris.

Katekista, mutu akitia ndevu za muti juu ya kidonda, usimucheke. Wazee hawakukosea kuona nguvu ndani yake. Lakini umupeleke kwa munganga. Nawe uangalie miti ya misioni: ndevu zake zikipungua mwaka kwa mwaka, fikiri juu ya hewa wanayovuta watoto wa shule.